Mkasi ulio ndani ya kifua: maziwa hayashindi vumbi la jiwe

Ndugu mtumikaji, na wewe mama unayesoma ukurasa huu wakati baba amelala baada ya posti ya usiku, leo tunataka kuzungumza juu ya maziwa.

Kila mtu aliyekulia kambini anaijua habari hii. Baba akitoka shimoni anakunywa maziwa, kwa maana maziwa yanashusha vumbi. Wengine wanasema bia ni bora kuliko maziwa. Wengine tena, hasa wale wa zamani, wanasema hawahitaji kitu chochote, kifua chao kimezoea. Sisi hatusemi kwamba maziwa ni mabaya. Maziwa ni chakula kizuri, na mtu aliyeshika marto masaa nane anastahili chakula kizuri. Lakini yule anayetoboa jiwe asubuhi bila maji, akitegemea maziwa ya jioni, anajidanganya. Tena deni hilo halidaiwi siku ile ile. Linadaiwa baada ya miaka kumi, kumi na tano, ishirini, wakati amekwisha pata pensheni na anashindwa kupanda kilima cha kwenda kanisani.

Maziwa yanaingia tumboni, vumbi linaingia katika mapafu. Ni njia mbili zinazoachana kooni na hazikutani tena. Maneno hayo yangetosha. Lakini tumeona watu wakiyasikia wanaitika kwa kichwa, halafu kesho yake maji ya marto yamefungwa tena. Kwa hiyo tunakuomba subira kidogo. Tushuke pamoja mpaka chini kabisa, mahali ambapo chembe ya jiwe inakutana na askari wa mwili. Mambo yanayofanyika hapo waganga wenyewe hawakuyajua vizuri mpaka juzijuzi.

ASKARI ANAYEMEZA

Njia ya pumzi inagawanyika kama matawi ya muembe, mara 23 hivi, mpaka inafika kwenye vijifuko vidogo sana ambamo hewa inapita kuingia damuni. Vumbi kubwa halifiki huko. Pua, makamasi na vinywele vya njia ya pumzi vinalikamata, nawe unalitema. Lile unalotema ni lile lililoshindwa, usilihofu sana. Uhofu lile usiloliona. Chukua milimita moja, igawe mara 1000, utapata mikromita. Unywele wa kichwa una unene wa mikromita 70 hivi. Chembe za jiwe zilizo chini ya mikromita 5 zinapita vizuizi vyote na kufika chini kabisa. Wala hazina haraka ya kuanguka. Chembe ya mikromita 1, katika hewa iliyotulia, inahitaji masaa mengi kushuka kutoka urefu wa mtu mpaka sakafuni. Unarudi mahali palipolipuliwa, taa yako inaona mbali, unasema hewa ni safi. Kumbe bado.

Katika vijifuko hivyo hakuna makamasi wala vinywele. Kuna askari. Jina lake ni makrofaji, maana yake mlaji mkubwa. Mrusi mmoja, Metchnikoff, ndiye aliyeona walaji wa namna hii wakifanya kazi, mwaka 1882, huko Messina katika Italia, na mwaka 1908 alipewa tuzo la Nobel. Askari huyu anazunguka na kumeza kila kisicho cha mwili: mikrobi, masizi ya moshi, vumbi. Akisha meza, anakipeleka kitu hicho katika kifuko chenye asidi na enzimu.

Enzimu ni nini? Ni proteini yenye kazi moja tu ya kufanya. Vitabu vya shule vya Tanzania vinaiita kimeng'enya, na jina hilo ni zuri kwa sababu nyingi za enzimu kazi yao ni kumeng'enya. Tafuna bukari polepole bila mboga, utasikia utamu. Hiyo ni enzimu ya mate inayogeuza unga kuwa sukari. Kila enzimu ina umbo lake na shimo lake, na kinachoingia katika shimo hilo ni kitu chake peke yake, kama vile ufunguo wa 19 haushiki buloni ya 24. Kifuko chenye enzimu za kuyeyusha kinaitwa lizozomu. Aliyekigundua ni Mbelgiji, Christian de Duve, wa Chuo Kikuu cha Louvain, katika miaka ya 1950. Yeye naye alipata Nobel, mwaka 1974.

Basi mikrobi inamezwa, inatiwa kifukoni, inayeyushwa, imekwisha. Na jiwe? Katika migodi ya Kolwezi, katikati ya tabaka mbili za madini, kuna jiwe ambalo kila fundi wa marto analijua kwa herufi tatu, R.S.C. Herufi ile S ni ya silisi. Silisi ni mchanga mgumu, kioo kibichi, na hakuna enzimu hata moja katika mwili wa binadamu inayoweza kuikata.

Mwaka 1966 Anthony Allison, mtu aliyekulia Kenya, pamoja na wenzake wawili, walitoa habari ya jaribio moja. (Ni Allison yule yule aliyeonyesha mwaka 1954 kwamba watu wenye nusu ya ugonjwa wa siko seli katika damu wanakingwa na malaria.) Waliwapa makrofaji chembe za silisi, wakatazama. Askari akameza vizuri. Kifuko cha enzimu kikaja kama desturi. Halafu ngozi ya kifuko ikatoboka, enzimu zikamwagika ndani ya askari mwenyewe, akafa. Walijaribu pia vumbi la almasi. Almasi ni ngumu kupita silisi, lakini ilikaa kifukoni bila kukitoboa namna ile. Usiseme basi kwamba silisi inakata kwa sababu ni kali kama wembe. Ni uso wake unaogusana na ngozi ya kifuko na kuiharibu, na uso wa jiwe lililovunjwa sasa hivi ndio mbaya zaidi. Marto inavunja jiwe sasa hivi, mbele ya pua yako.

MKASI UNAPOFUNGULIWA

Kama ingekuwa askari anakufa kimya, hasara ingekuwa ndogo. Mwili unatengeneza askari wengine kila siku. Lakini kabla ya kufa anapiga king'ora, na hapo ndipo kuna enzimu ya pili, ambayo ndiyo sababu ya makala hii. Inaitwa kaspazi-1.

Waganga wanaijua tangu mwaka 1992. Kazi yake ni kukata, kama mkasi. Inapolala ni mnyororo mmoja mrefu uliojikunja, na mkasi mmoja uliolala peke yake haukati kitu. Mwili umeuweka hivyo kwa makusudi, kama vile baruti na detonateri havibebwi katika sanduku moja. Sasa lizozomu inapopasuka, na potasiamu inapotoka nje ya askari, kuna proteini ya ulinzi inayoitwa NLRP3 inayotambua kwamba mambo si mazuri. Nyingi za namna hiyo zinakusanyika na kufanya kitu kama gurudumu, na mikasi iliyolala inafungwa kwenye gurudumu hilo ubavu kwa ubavu. Gurudumu hili lilipewa jina la inflamazomu mwaka 2002 na kundi la Jürg Tschopp, huko Lausanne katika Uswisi. Mikasi ikisha karibiana, inakatana yenyewe kwa yenyewe. Vipande viwili vikubwa na viwili vidogo vinashikana, na hapo mkasi umefunguka. Makali yake ni asidi amino moja iitwayo sisteini. Inakata mahali pamoja tu, nyuma ya asidi amino nyingine iitwayo aspartati. Ndipo jina lake lilipotoka.

Inakata nini? Kwanza, inakata ujumbe. Ndani ya askari kuna proteini iliyowekwa akiba, interlokini-1 beta, mnyororo wenye pete 269. Ukiwa mzima hivyo, ujumbe huo ni bubu. Kaspazi-1 inaukata baada ya pete ya 116, zinabaki 153, na ujumbe unaanza kusema. Pili, inakata proteini nyingine, gasdamini D, ambayo kipande chake kinakwenda kutoboa matundu katika ngozi ya askari. Kwa matundu hayo ujumbe unatoka, na askari anavimba na kupasuka. Mlipuaji baruti wetu ataelewa haraka: akiba ya ujumbe ni shimo lililoshindiliwa, gurudumu ni waya uliofungwa, mkasi ndio moto. Kila hatua ina ishara yake, ili kusiwe na mlipuko kwa bahati mbaya.

Ujumbe ukitoka, unaita askari wengine kutoka damuni. Wanakuja wengi, mahali panavimba, panapata joto. Kwa mikrobi hiyo ni kazi nzuri sana. Bila mkasi huu kidonda kidogo kingekuwa hatari kwetu. Mikrobi inakufa, king'ora kinanyamaza, nyama inapona.

Kwa jiwe ni habari nyingine. Askari amepasuka, jiwe limetoka ndani yake kama lilivyoingia, halikupungua hata kidogo. Askari wa pili anakuja, anameza jiwe lile lile. Kifuko kinatoboka, gurudumu linaundwa, mkasi unafunguka, ujumbe unatoka. Anakuja wa tatu. Chembe moja inaweza kufanya hivyo leo, na mwezi ujao, na mwaka ujao. Mwili ukichoka na moto usiozimika, unajaribu kupazungushia ukuta wa kovu, kovu gumu kama la mtu aliyeungua na maji ya moto. Na kovu halipitishi hewa. Makovu yakiwa mengi, yakiungana, ndiyo silikozi.

Mwaka 2008 makundi mbalimbali ya waganga, na kundi lile la Lausanne kati yao, walionyesha kwamba silisi, na amianti pia, zinaamsha gurudumu hili. Mwaka huo huo, katika Marekani, panya wasiokuwa na NLRP3 walipewa silisi, na mapafu yao hayakuvimba wala kupata makovu kama ya panya wengine.

KWA HIYO TUNASEMA NINI?

Tunasema kwamba neno «nimezoea» lifutwe katika vinywa vya watu wa shimoni. Mkasi haujui kuzoea. Kikohozi kikipungua haina maana kwamba mapafu yamekubaliana na jiwe. Na mtu mwenye mwili wa nguvu? Askari wake nao wana nguvu: wanameza zaidi.

Tunasema pia kwamba radio ya kifua ni kitu cha lazima, nenda kila unapoitwa, lakini radio inaonyesha kovu lililokwisha fanyika. Haionyeshi mkasi unaokata leo. Mtu anaweza kutoka kazini na radio safi, na ugonjwa ukaonekana miaka kadhaa baadaye bila yeye kukanyaga shimo tena, kwa sababu jiwe alilomeza halikwenda pensheni pamoja naye.

Wengine watauliza: kama waganga wanaujua mkasi, na wanaujua ujumbe, mbona wasitengeneze dawa? Swali ni zuri. Dawa ya kuzuia ujumbe huo ipo, inaitwa anakinra, na tangu mwaka 2001 inatumiwa kwa ugonjwa wa kuvimba viungo. Inaziba masikio ya seli ili zisisikie interlokini-1. Lakini hata ukiziba masikio yote, jiwe linabaki pale pale. Tena ujumbe ule ule ndio unaotulinda na mikrobi, na kifua chenye silisi kimekwisha fungulia mlango kifua kikuu. Mikrobi ya kifua kikuu inapenda kukaa ndani ya makrofaji hao hao. Askari waliokwisha umizwa na jiwe watamshinda adui gani? Jambo hilo la silikozi na kifua kikuu lilijadiliwa katika mkutano wa kimataifa huko Johannesburg mwaka 1930. Ni karibu miaka mia moja, na mpaka leo hakuna dawa inayotoa silisi katika mapafu.

Inabaki kuzuia vumbi kabla ya pua. Na hapa tunataka kusema neno ambalo labda halitawapendeza wote.

Maji katika marto si jambo jipya. Mashine za kwanza za kutoboa kwa hewa zilifanya kazi kavu, na wachimbaji wa Marekani wakaziita watengeneza wajane. Tangu mwaka 1897 Leyner, mtu wa Denver, alitengeneza marto yenye chuma chenye tundu katikati, na maji yakapitishwa humo mpaka kwenye ncha. Lakini miaka zaidi ya 30 baadaye, mwaka 1930 na 1931, huko Hawks Nest katika West Virginia, watu walitoboa handaki la maji ya umeme katika jiwe lililojaa silisi, na walitoboa kavu. Wengi wao walikuwa Weusi waliotoka kusini kutafuta kazi. Walikufa kwa mamia. Munganga Martin Cherniack, katika kitabu chake cha mwaka 1986, alikadiria 764. Hawakungoja miaka ishirini. Wengine hawakumaliza hata miwili. Maji yalijulikana. Hayakutumiwa kwa sababu kutoboa kavu kulikwenda haraka.

Sasa tujiulize sisi. Fundi wa marto anafunga maji kwa nini? Majibu tunayosikia ni manne. Maji yanaleta potopoto. Maji yanaleta baridi miguuni. Mpira wa maji ulipasuka wiki iliyopita na haukubadilishwa. Shefu wa posti anataka metre. Mawili ya kwanza ni ya mtumikaji mwenyewe, na tunamwambia wazi: potopoto inaoshwa, miguu inavishwa buti. Lakini mawili ya mwisho si yake. Mabango yetu ya usalama yamezoea kusema na mtu mmoja tu, «Vaa maski! Fungua maji!», kama kwamba vumbi ni kosa la yule anayelivuta. Mtu hawezi kufungua maji ambayo hayapo.

Maoni yetu ni haya: metre iliyotobolewa kavu isihesabiwe katika primu, wala ya fundi, wala ya kapita, wala ya shefu wa posti. Tunajua watakaosema kwamba hiyo ni kumpunguzia mtumikaji mshahara. Ndiyo, siku ya kwanza itauma. Lakini tunaamini kwamba siku ambayo metre kavu haitaingia katika hesabu ya wakubwa, mpira uliopasuka utabadilishwa kabla ya posti kwisha.

Na maski? Ivae, lakini iwe maski ya kweli yenye kichujio cha vumbi jembamba, inayoshika uso pande zote. Kwa mtu mwenye ndevu haishiki, hewa inapita pembeni. Kitambaa kilichofungwa puani kinazuia vumbi lile kubwa ambalo pua ingelizuia hata hivyo. Lakini maji ni kwanza, maski ni nyuma, kwa sababu maski yako haimlindi msaidizi anayesimama mgongoni mwako.

Hatuwasahau watoto wetu wanaochimba kwa mikono. Huko Kolwezi, katika mtaa wa Kasulo, tangu mwaka 2014 watu walichimba kobalti hata chini ya nyumba zao. Kwa mchimbaji wa namna hiyo hakuna maji ya marto, hakuna feni, hakuna mtu wa usalama. Baba aliyefanya kazi shimoni, na kijana wake yuko huko, amweleze habari ya mkasi kwa maneno yake mwenyewe. Kijana atamsikia baba kuliko sisi. Amwambie walau jiwe linyweshwe maji kabla ya kugongwa.

Na wewe mama: nguo za kazi zibaki kazini, kama kuna mahali pa kuzifulia. Kama zinakuja nyumbani, usizikung'ute mlangoni huku mtoto yuko mgongoni. Zitie majini zikiwa zimekunjwa vile vile, zilowe, ndipo uzifungue.

Neno moja kwa ajili ya wazee wa pensheni. Ukienda dispanseri kwa ajili ya kikohozi au pumzi fupi, munganga kijana aliye pale hakujui. Ataona mzee anayekohoa, labda atakupa dawa ya kikohozi. Mwambie kabla hajauliza: nilitoboa jiwe shimoni, miaka kadha wa kadha, jiwe lilikuwa R.S.C., maji yalikuwapo au hayakuwapo. Aandike. Na kama ni mama ndiye anayemsindikiza, aseme yeye, kwa maana wazee wetu hawapendi kukiri mbele ya kijana kwamba pumzi haitoshi tena.